Robert Warington, Mkemia Aliyewatafutia Samaki Makao

Leo tunapenda kuwasimulia wasomaji wetu wa jeshi na wa polisi maisha ya Bwana Robert Warington, mkemia wa Kiingereza aliyeishi kati ya mwaka 1807 na mwaka 1867. Jina lake halikosekani katika historia ya ufugaji wa samaki ndani ya tangi la kioo, kwa kuwa ni yeye aliyeonyesha kwa majaribio ya kitaalamu jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kuishi pamoja katika maji yale yale, bila maji hayo kubadilishwa kila siku. Huenda mtu akauliza askari anahusika vipi na habari hizo. Kambini na katika vituo vya polisi zipo saa nyingi za mapumziko, na tangi la samaki ni burudani isiyo na kelele, isiyoleta ugomvi, wala isiyomaliza mshahara.

Lakini burudani hiyo ina msiba wake, na msiba wenyewe hutokea kila mahali kwa namna moja. Tuseme askari amepangiwa kazi Bukirasazi, huko milimani upande wa Gitega, mbali na ziwa. Anarudi kutoka likizo Bujumbura akiwa na samaki wanane wadogo ndani ya mfuko wa nailoni. Tangi limeoshwa likatakata, maji ni maangavu, chakula kipo. Siku tatu za kwanza samaki wanacheza. Siku ya sita wanapanda juu ya maji wakihema. Ikifika wiki ya pili amebaki mmoja, ama hakubaki hata huyo. Na mwenye tangi humlaumu aliyemwuzia, au huyalaumu maji ya mlimani, au hunong'ona habari za kijicho cha jirani. Maisha ya Warington, pamoja na ya mwanawe aliyekuwa na jina lile lile, yanatueleza muuaji ni nani.

Warington alizaliwa tarehe 7 Septemba 1807 katika mji wa Sheerness, mkoa wa Kent, penye gudi la manowari za Uingereza. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa kuuza vyakula vya merikebu, kwa hiyo utoto wa kijana huyu ulikuwa wa kuhamahama kama ulivyo wa watoto wengi wa wanajeshi: mara Portsmouth, mara Boulogne ng'ambo ya bahari, kisha London, alikoingia shule ya Merchant Taylors. Mwaka 1822 aliwekwa kwa mkataba wa miaka mitano chini ya J. T. Cooper, mkemia aliyefundisha katika shule za udaktari na kutengeneza vitu adimu vya kemia kwa ajili ya kuuza. Hivyo basi, elimu yake ya kwanza ya sayansi hakuipata katika ukumbi wa chuo kikuu. Aliipata karakanani, mahali ambapo mwanafunzi huanza kwa kuosha chupa na kupima uzito wa vitu kabla ya kuruhusiwa kutoa maoni yake. Kwa maoni yetu malezi hayo yalimfaa kuliko vitabu vingi, maana katika yote aliyoyafanya baadaye tunamwona mtu anayetazama kwanza na kusema halafu.

Chuo Kikuu cha London kilipofungua milango yake mwaka 1828, Profesa Edward Turner alimchagua Warington kuwa mmoja wa wasaidizi wake. Mwaka 1831 aliajiriwa kuwa mkemia katika kiwanda cha bia cha Truman, Hanbury na Buxton, akakaa humo hadi mwaka 1839. Hapa tuna neno dogo la kando. Bia hufanywa na hamira, na hamira ni kiumbe hai kisichoonekana kwa macho matupu. Ila katika miaka ile wakemia wengi wakubwa walikataa katakata kukubali kwamba kitu chenye uhai kinaweza kuwa ndiyo sababu ya mabadiliko ya kemia ndani ya pipa. Warington alikaa miaka minane kando ya mapipa hayo. Viumbe wa namna hiyo, wasioonekana, ndio watakaokuja kueleza fumbo la matangi yake, ingawa yeye mwenyewe hakuishi hata akayasikia maelezo hayo.

Mwaka 1835 alimwoa Elizabeth Jackson, binti wa daktari mpasuaji George Jackson aliyekuwa bingwa wa kutengeneza hadubini. Mwana wao Robert alizaliwa mwaka 1838. Na katika mwaka 1839 Warington alianza jambo ambalo wanasayansi wa Uingereza wanamkumbuka nalo zaidi kuliko samaki. Mji mkubwa kama London haukuwa na chama cha wakemia. Warington, ambaye hakuwa profesa wala tajiri, aliwaandikia na kuwaendea wakubwa kwa wadogo, hata tarehe 30 Machi 1841 Chama cha Kemia cha London kikaundwa. Yeye akawa katibu wake bila malipo kwa miaka kumi ya mwanzo. Kila aliyewahi kuwa katibu wa chama chochote anajua kazi hiyo ni ya nani: ya mtu ambaye wengine hupiga makofi naye huandika kumbukumbu.

Mwaka 1842 alipata kazi aliyoishika karibu maisha yake yote yaliyobaki, nayo ni usimamizi wa kemia katika Jumuiya ya Watengenezaji Dawa ya London, ndani ya jengo liitwalo Apothecaries' Hall, katikati ya mji uliojaa moshi wa makaa. Wasomaji wetu wa polisi watapendezwa kusikia alichofanya huko mwaka 1844. Aliyachunguza majani ya chai ya kijani yaliyoingizwa nchini kutoka China, akagundua kwamba mengi yalikuwa yamepakwa rangi ya buluu ya kiwandani pamoja na unga wa jasi ili yapendeze macho ya wanunuzi. Yaani watu walikuwa wakinunua rangi ya ukuta na chokaa kwa bei ya chai. Sisi wa Burundi, nchi yenye mashamba ya chai ya Teza na Rwegura, tunaelewa ubaya wa ulaghai huo. Warington hakuwa mpelelezi, lakini njia yake ilikuwa ya mpelelezi: kutouamini uso wa kitu, kukitia kitu majini, kukiweka chini ya hadubini, na kungoja kijieleze chenyewe.

Kwa njia hiyo hiyo aliwaendea samaki.

Tangu zamani watu wa China na baadaye wa Ulaya walifuga samaki wa dhahabu katika mabakuli, na tangu zamani samaki hao walikufa upesi isipokuwa mtumishi alikuwapo wa kuwabadilishia maji kila siku. Wataalamu walikuwa wamekwisha kupata nusu ya maarifa. Joseph Priestley katika miaka ya 1770 alionyesha kwamba mmea huweza kuirudishia uzima hewa iliyoharibiwa na pumzi ya mnyama. Na mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba mmea hufanya hivyo kwa nguvu ya mwanga wa jua tu. Daktari Nathaniel Ward wa London alikuwa akikuza mimea ndani ya masanduku ya kioo yaliyofungwa. Bibi Jeanne Villepreux-Power alikuwa ametumia vyombo vya kioo kuchunguza wanyama wa bahari huko Sicily tangu mwaka 1832, na Bibi Anna Thynne alikuwa amefuga matumbawe nyumbani kwake London kuanzia mwaka 1846. Kilichokosekana ni mtu wa kupanga mambo haya yote kuwa jaribio moja lenye mizani, na kuliandika.

Mwaka 1849 Warington alichukua chombo cha kioo cha galoni 12 hivi, yaani lita 50 na ushei, akakijaza maji ya chemchemi nusu tu. Chini aliweka mchanga na matope, akapanga mawe ya chokaa, akapanda valisneria, mmea wa majini wenye majani marefu kama utepe ambao jamaa zake huota hata katika ufuko wa Tanganyika. Ndani akatia samaki wawili wadogo wa dhahabu. Juu akafunika kitambaa chepesi, maana masizi ya London hayakuwa na huruma.

Tunawaomba wasomaji waitazame hesabu hiyo tena. Samaki wawili, si wanane wala kumi na wawili. Matope na mawe yaliyotoka nje, si sakafu iliyosuguliwa kwa sabuni. Na mmea uliokwisha kushika mizizi.

Hata hivyo, mambo hayakwenda sawa mara moja. Majani ya zamani ya valisneria yalianza kuoza, maji yakachafuka, na utando wa kijani ukatanda juu ya kioo na mawe. Ilionekana wazi kwamba samaki watakufa. Mtu mwingine angemwaga maji yote, akasugua chombo, akaanza upya, na tunajua sasa kwamba kwa kufanya hivyo angekuwa amewaua samaki wake kwa mikono yake mwenyewe. Warington alijiuliza jinsi madimbwi ya mashambani yanavyofanya, kwa kuwa huko majani huoza kila mwaka na samaki huishi. Akakumbuka konokono. Akaleta wachache, watano au sita, akawatia ndani. Konokono wakala majani yaliyooza na utando, maji yakarudi kuwa maangavu, na mayai ya konokono hao yakawa chakula cha samaki. Tangu hapo chombo kikakaa miezi na miezi katika hali ya afya.

Mwezi Machi 1850 alisoma taarifa yake mbele ya Chama cha Kemia, chama kile kile alichokiunda. Alieleza kwamba samaki huvuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Kwamba mmea, ukipata mwanga, huitumia hewa hiyo ya ukaa na kurudisha oksijeni. Na kwamba konokono huondoa uchafu wa mmea na kuugeuza kuwa chakula kwa wote wawili. Kila mmoja anamtegemea mwenziwe, na ukiondoa mmoja wengine huangamia. Kwa ufupi, hiyo ndiyo kanuni ya mizani, ambayo wafugaji wa samaki waliifuata kwa muda mrefu sana baada yake.

Mwaka 1852 alijaribu maji ya bahari. Kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi kwa mtu wa London, kwa sababu maji yalipaswa kusafirishwa kutoka pwani, na hayakuweza kupotezwa ovyo. Akatambua kwamba mwani wa kijani hufaa kuliko ule mwekundu, na kwamba maji yanayopungua kwa mvuke hurudishiwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi yenyewe haipandi na mvuke. Wakati huo huo mwanasayansi mwingine, Bwana Philip Henry Gosse, alikuwa pwani ya Devon akifanya jambo hilo hilo, naye akalichapisha mwaka 1852. Ikazuka hoja ya nani alitangulia. Sisi tunaona kwamba hoja hiyo haikuwa na uzito mkubwa: upande wa maji matamu hakuna anayeweza kumnyang'anya Warington haki yake, na upande wa bahari kila mmoja alifika kwa miguu yake mwenyewe. Gosse alikuwa na kalamu tamu kuliko mwenziwe. Ni yeye aliyelieneza neno akwariamu kwa kitabu chake cha mwaka 1854, na ni yeye aliyesaidia kukusanya viumbe vya Nyumba ya Samaki katika bustani ya wanyama ya London, iliyofunguliwa kwa watu wote mwezi Mei 1853.

Baada ya hapo Uingereza ilishikwa na wazimu wa matangi ya samaki. Kila sebule yenye pazia ilitaka kuwa na tangi lake. Maduka yaliuza vioo, changarawe, mwani na samaki kwa pamoja, na watu walinunua vyote siku moja, wakavitia vyote siku moja, wakaviona vyote vikifa karibu siku moja. Kabla ya miaka ya 1860 kwisha, wengi walikuwa wameyaacha, na matangi yakapandwa maua. Msiba wa Bukirasazi ulianzia huko.

Warington mwenyewe hakuacha. Aliona kwamba mwanga unaopenya ubavuni mwa kioo huleta ukungu wa kijani na kuwachosha wanyama, kwa kuwa katika dimbwi la kweli mwanga hutoka juu. Kwa hiyo akabuni tangi ambalo ukuta wake wa nyuma umelala kama mteremko wa ufuko, pande zake zimezibwa, na mwanga huingia kwa juu. Mwaka 1857 alitoa hotuba juu ya mambo haya mbele ya wasikilizaji wa Taasisi ya Kifalme ya London. Aliendelea pia na kazi ya dawa, akashiriki katika kutengeneza kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza. Mwaka 1864 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Jumuiya ya Kifalme, heshima kubwa kwa mtu aliyeanza kwa kuosha chupa. Mwaka 1866 aliacha kazi, na tarehe 17 Novemba 1867 alifariki huko Budleigh Salterton, katika pwani ya Devon, akiwa na umri wa miaka 60.

Alifariki akiamini kwamba hatari kubwa ya samaki ndani ya kioo ni kukosa oksijeni na kuzidiwa na uozo. Hakukosea, ila alikuwa ameiona nusu ya adui. Samaki hatoi hewa ya ukaa peke yake. Kwa matamvua yake hutoa amonia, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia vilevile. Amonia haina rangi ndani ya maji. Maji yaliyojaa amonia ya kuua huonekana maangavu sawasawa na maji ya chemchemi, na kwa sababu hiyo yule askari wetu aliyesugua tangi lake hakuona dalili yoyote kabla ya samaki kuanza kuhema.

Kwa nini basi samaki wawili wa Warington hawakufa? Tukitumia elimu ya leo tunaweza kusema kwamba walinzi wao waliingia ndani ya chombo bila kuandikishwa, wakiwa wameganda juu ya matope, mawe, mizizi na makombe ya konokono. Na kazi ya kuwatambua walinzi hao ilimwangukia mwana.

Robert Warington wa pili alikuwa mtoto wa miaka kumi hivi wakati chombo cha galoni 12 kilipojazwa. Alikuwa na afya dhaifu, akajifunza kemia katika maabara ya baba yake, kisha akaugeukia udongo na kilimo. Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole ndani ya bomba lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa muda wa siku 20 hivi amonia iliingia juu na kutoka chini kama ilivyo. Halafu, bila kitu chochote kuongezwa, amonia ikaanza kutoweka na mahali pake ikatokea nitrati. Walipotia klorofomu, dawa inayolaza viumbe hai, kazi ikasimama. Maana yake ni kwamba ndani ya mchanga ule viumbe hai walikuwa wamezaliana kwa siku 20 hadi wakatosha kufanya kazi.

Warington mwana, akiwa katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, alilifuatilia jambo hilo kwa zaidi ya miaka kumi kwa uvumilivu uliofanana na ule wa baba yake. Alithibitisha kwamba kazi hiyo ina hatua mbili na watendaji wa aina mbili. Wa kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti. Wa pili huichukua nitriti na kuigeuza nitrati. Alijaribu sana kuwatenga viumbe hao wawili kila mmoja peke yake, lakini hakufanikiwa. Mrusi Sergei Winogradsky, aliyekuwa Zurich, ndiye aliyewatenga katika mwaka 1890 na 1891. Mwana alifariki mwaka 1907, akijulikana kwa elimu ya udongo wa mashamba. Utafiti wa miaka ya karibuni umeongeza kwamba ndani ya matangi ya samaki wamo pia viumbe wengine wa kazi hiyo, na mwaka 2015 wataalamu walitangaza bakteria wa aina moja wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao. Lakini mpango aliouona mwana ndio ule ule.

Sasa tunaweza kuandika taarifa ya kifo cha samaki wa Bukirasazi. Tangi jipya lililooshwa halina viumbe hao, au wamo wachache mno. Samaki wanane wanatoa amonia tangu saa ya kwanza, nayo inapanda siku kwa siku na kuunguza matamvua. Kundi la kwanza la bakteria linapoanza kuitafuna amonia, hutokea nitriti, ambayo ni sumu nyingine: huingia katika damu, huigeuza kuwa ya rangi ya kahawia, na damu hiyo hushindwa kubeba oksijeni. Samaki huhema juu ya maji yenye hewa ya kutosha, mithili ya mtu anayekufa kwa njaa ghalani. Kundi la pili hukawia kuliko la kwanza. Kwa kawaida shughuli yote huchukua wiki nne hadi sita, na zaidi ya hapo ikiwa maji ni ya baridi. Kwa hiyo usiku wa milimani, ambao mwenyeji wa Bujumbura huulalamikia kwa kuomba blanketi la pili, huwachelewesha hata bakteria.

Lipo pia suala la maji yenyewe. Samaki wa Ziwa Tanganyika wanajulikana duniani kote kwa uzuri wao. Mbelgiji Pierre Brichard, aliyefanya kazi ya kuwasafirisha kutoka Bujumbura na kuandika vitabu juu yao, alipewa heshima ya jina lake kutumika kwa samaki mmoja mdogo wa ziwa hilo mwaka 1974. Samaki hao wamezoea maji magumu yenye chumvichumvi za madini, ambayo kipimo chake cha magadi hukaribia 9. Maji ya vijito vya mlimani kwa kawaida ni laini na hayana magadi hayo. Kumtoa samaki katika maji ya kwanza na kumtumbukiza ghafla katika ya pili ni kumwadhibu bila kosa. Lakini mwenye tangi akiyafanya maji yake yafanane na ya ziwa, na ni haki afanye hivyo kwa samaki wa ziwa, ajue kwamba amonia huwa kali zaidi humo. Katika maji ya kipimo cha 7, yenye joto la digrii 25, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki moja kwa mia. Katika maji ya kipimo cha 9 sehemu hiyo huzidi theluthi moja. Uchafu ule ule, samaki yule yule, na hukumu tofauti kabisa.

Tunachomshauri askari mwenye tangi jipya ni hiki. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yakae wazi kwa siku moja au mbili kabla ya kutumika, kwa maana dawa inayoua vijidudu vya kuhara huwaua pia walinzi wetu. Akimpata rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, asiombe samaki kwanza. Aombe konzi mbili za changarawe au kipande cha sifongo la chujio, visafiri vikiwa na unyevu, wala visisuuzwe kwa maji ya bomba. Hiyo ni sawa na kuletewa kikosi kilichokwisha kufunzwa. Apande mimea mapema, kwa kuwa mmea hunyonya amonia na nitrati vilevile, jambo ambalo valisneria ya Warington ilikuwa ikilifanya kimya kimya bila mwenyewe kujua. Aanze na samaki wawili. Awape chakula kidogo sana, kiishe mara moja, na siku nyingine wasipewe kabisa. Akiona wanahema, atoe robo ya maji na kurudisha mengine yenye joto na ugumu ule ule, badala ya kuyamwaga yote na kusugua kioo.

Kuhusu konokono tunatoa onyo. Warington aliwatoa katika madimbwi ya Uingereza, lakini katika nchi zetu baadhi ya konokono wa maji matamu hubeba kichocho. Mtu asiingie kinamasini miguu mitupu kutafuta konokono wala matope kwa ajili ya tangi. Changarawe ya rafiki inatosha.

Vipo vipimo vidogo vya dawa za matone vinavyoonyesha kiasi cha amonia na nitriti kwa kubadili rangi. Visipopatikana, saa, kalenda na daftari vitafaa: andika kila jioni samaki walivyopumua, walivyokula, na joto la maji. Amonia na nitriti zikikosekana kwa juma zima, au, kwa asiye na vipimo, wiki sita zikipita na samaki wawili wakiwa wanakula na kuogelea katikati ya maji, basi waongezwe wengine wawili. Halafu tangi liachwe tena wiki mbili kabla ya kuongeza mwingine yeyote, maana bakteria nao huongezeka kwa kadiri ya kazi wanayopewa.